Udongo wa Maman, Mchanga wa Papa

Sisi tuliokulia Kamembe kabla simu haijawa mwalimu, mganga na mshenga kwa pamoja, tulijifunza mambo kwa njia moja tu: kukosea mbele ya watu. Ukitaka kujua kama pera bichi linaumiza tumbo, ulilila. Ukitaka kujua kama mbuzi wa jirani anapiga pembe, ulimsogelea. Jioni tulirudi nyumbani magoti yamechubuka, tunanuka ziwa na majani ya migomba tuliyosokota kuwa mpira, na Maman anatungoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Aba njo batoto bangu," anauliza mbingu, "ama ni ba kuokota?"

Halafu tunanawa, tunakaa chini kuizunguka sinia ya bugali, mchicha wetu wa lenga-lenga na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga. Aliyechelewa alikuta harufu.

Familia yetu ilikuwa imetoka Bukavu, upande wa Kongo, ng'ambo ya daraja, lakini kwa macho hatukuwahi kuihama. Tukiwa tunaruka elastiki uwanjani tuliyaona mabati yake yaking'aa juu ya vilima, na Maman alivuka kila mara kwenda kununua vitenge. Papa alikuwa déclarant kule Ruhwa, mpakani na Burundi. Aliwaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo: hata viatu vyake alivipanga chini ya kitanda kama magari yanayosubiri kuvuka.

Basi mtu huyo siku moja alialikwa harusi katika hoteli moja kando ya ziwa. Bi harusi hakumwona, keki hakuionja. Alirudi nyumbani anazungumzia kitu kimoja tu: sanduku la kioo lililowekwa mapokezi, samaki wanapita ndani yake kati ya majani ya kijani kibichi.

"Si maua ya plastiki," alituambia akiwa bado hajavua tai. "Ni majani ya kweli. Inaota mu maji, na mizizi yake."

"Na ziwa iko pale chini," akasema Maman. "Enda utazame bure."

Lakini Papa alikuwa ameshaugua. Maman alipokwenda Bukavu kufuata bidhaa, Papa alichukua vitrini ya mkewe, lile kabati la vioo alilouzia mandazi zamani kabla ya kuhamia kwenye vitenge, akalipeleka kwa fundi wa vioo. Likazibwa kwa silikoni, likarudi, likawekwa sebuleni juu ya meza ya matofali aliyoijenga mwenyewe. Tukajaza maji ndoo kwa ndoo. Maman akaingia na mzigo kichwani, akasimama.

"Papa Aline," akasema polepole. Aline ni dada yetu mkubwa, na wazazi wetu waliitana kwa jina lake. "Vitrini yangu inakunywa maji ya nini?"

Papa akamweleza kuwa hii sasa ni akwariomu. Maman akalitamka neno hilo mara mbili, kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. Kisha akatukumbusha jambo ambalo Papa, kwa ugonjwa wake, alikuwa amelisahau: wakwe walikuwa wanakuja. Aline alikuwa amechumbiwa na kijana wa Bukavu aitwaye Patient, mpole, mrefu, mwenye kupiga gitaa kanisani, na wazazi wake walikuwa wamepanga kuvuka kuja kutuona. Wangekaa wapi? Sebuleni. Mbele ya nini? Mbele ya vitrini.

"Siku bakwe banafika," Maman akahukumu, "hii kitu ikuwe mzuri, ama itoke. Sitaki mutoto wangu akose bwana juu ya samaki."

Aline akaanza kulia hapohapo, kwa akiba.

Samaki hawakuwa shida. Sisi watoto tuliwavua wadogo wadogo kwa chujio la jikoni, na majani tuliyang'oa kwenye maji yaliyotulia, mengine membamba kama nywele, mengine mapana yenye shingo ndefu. Shida ilikuwa chini. Majani hayo yasimame juu ya nini? Leo hata mtoto wa chekechea ataiuliza simu yake swali hilo na kujibiwa kabla hajapiga chafya. Kwetu lilitikisa nyumba.

Papa aliamini mchanga. Alikwenda Nkanka akarudi na mfuko wa mchanga wa ziwani, laini, mweupe, tukauosha hadi mikono ikaota mikunjo ya wazee. Ulipotandazwa chini ya kioo, hata Maman aliinama akautazama. Kesho yake asubuhi bustani yote ilikuwa inaelea. Samaki walichimba usiku kucha kama wanatafuta dhahabu. Tukapanda upya, wakang'oa upya. Majani yaliyobahatika kubaki yakawa ya manjano, yakalala.

"Yanakula nini pale?" Maman akauliza. "Mchanga haina chakula. Hata weye, nikikupanda mu mchanga, utaota?"

Papa akasema basi naye alete jibu lake. Maman hakuambiwa mara mbili. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kitalu chake cha lenga-lenga, akachota udongo mweusi, na kwa kuwa hakuna kitu alichokifanya nusu, akauchanganya na mbolea ya ng'ombe.

Maji yakawa chai. Siku zilizofuata yakawa kahawa. Samaki tuliwahamishia haraka kwenye beseni la kufulia, nguo zikasubiri. Kisha ikaja harufu. Akina mama wa kikundi cha sala walikuwa wakikutana kwetu, na mkubwa wao alikuwa mama mwenye sauti iliyofika Bukavu bila kulipa daraja. Katikati ya maombi alikatiza ghafla, akafumbua jicho moja.

"Ndugu zangu," akasema, "mu hii nyumba kuna roho."

Wakaikemea roho hiyo kwa bidii kubwa. Haikutoka. Papa, aliyekuwa amejificha chumbani, alitoka na ndoo akaitoa mwenyewe.

Ilibaki wiki moja wakwe wafike, na wazazi wangu hawakusemezana ila kupitia kwetu. "Mwambie baba yako chakula iko tayari." "Mwambie mama yako ninakuja." Walikuwa wamekaa meza moja, magoti yanagusana.

Papa akafanya jaribio la mwisho. Akiwa anatoka kazini, alishuka Bugarama akaomba tope la shamba la mpunga, lile zito, la kahawia, linaloshika mguu lisitake kuuacha. Kabla ya hapo, upande wa Burundi, alikuwa amechota pia mfuko wa mchanga wa mto, wa chembe kubwa kubwa. Mfuko huo ulimsumbua mpakani. Askari waliomjua kwa miaka hawakuamini kwamba mtu mzima, tena déclarant, amebeba mchanga mtupu. Waliupitisha wote kwenye chekeche wakitafuta kilichofichwa ndani. Papa alifika nyumbani amenuna, lakini mchanga wake ulikuwa umechaguliwa punje kwa punje.

Aliuacha uani. Alitandaza tope la Bugarama peke yake chini ya kioo, nene kama godoro, akapanda. Na jamani, majani yalilipenda tope lile! Yalisimama wima, yakatoa machipukizi, na maji yakatulia yakawa meupe. Jua la asubuhi lilipopenya dirishani, sebule nzima ilikuwa na mawimbi ya kijani ukutani. Maman alipita, akasimama, akatengeneza kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Mwambie baba yako," akaniambia, "inafaa."

Siku yenyewe ikafika, wakwe wakaja wamevaa vizuri. Baba yake Patient, Mzee Bahati, alikuwa mtu mnene mwenye heshima nzito, suti ya rangi ya kahawa ya maziwa, fimbo ya kutembelea asiyoihitaji. Alikalishwa kwenye kiti cha heshima, mgongo wake ukielekea akwariomu. Mke wake, Maman Patient, alikaa kando yake na mkoba mapajani, na Patient mwenyewe akajibanza karibu na mlango. Salamu zilikwenda vizuri. Fanta zilifunguliwa. Kisha wakafika kwenye jambo lenyewe: harusi ifanyike wapi? Mzee Bahati akasema Bukavu, ndiko ukoo uliko. Papa akasema Kamembe, ndiko binti aliko. Mzee Bahati akasema mtoto wa kiume ndiye anayeoa. Papa akasema mlango unaobishwa hodi ndio wenye nyumba. Sauti zikawa za adabu sana, na wakubwa wakianza kuwa na adabu namna ile, ujue mambo yameharibika. Nyuma ya pazia la jikoni Aline aliniminya mkono hadi ukafa ganzi.

Ndipo ikasikika.

*Brrup.*

Ilikuwa sauti nene, ya chini, ya raha. Na baada yake ikaja harufu.

Watu wote wakamtazama Mzee Bahati. Halafu, kwa heshima, watu wote wakaacha kumtazama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mke wake akamfinya paja.

"Papa Patient!" akanong'ona. "Ku bakwe?"

"Si miye!" mzee akasema, jasho likimtoka.

*Brrrup*, ikajibu nyuma yake.

Nilimtazama Papa. Yeye peke yake alikuwa amekaa upande wa kuona kila kitu: tope lilikuwa limefura kama unga wa mkate, lilikuwa linatema hewa ambayo lilikuwa limeifungia ndani siku zote zile. Angeweza kukaa kimya. Mgeni angeaibika, angelegea, harusi ingekuwa Kamembe, na akwariomu ingebaki na sifa zake. Niliona wazo hilo likipita usoni mwake. Nadhani Maman naye aliliona.

Papa akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bakwe," akasema, "munisamehe. Mzee hana kosa. Ni udongo yangu."

Mzee Bahati akageuka na kiti chake. Akatazama. *Brup*, ikamsalimia. Kwanza mabega yake yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha kiti. Alicheka mpaka akapiga sakafu kwa fimbo, machozi yakachirizika mpaka kwenye tai. Mke wake, aliyekuwa amemshitaki, alicheka kuliko yeye. Na katika vicheko hivyo Maman akasahau kwamba haongei na mumewe.

"Ile tope yako iko mingi!" akafoka.

"Na weye uliniwekea mbolea!"

"Mbolea ililisha! Mchanga yako ililisha nani?"

Wakaanza kugombana hadharani, mchanga na udongo, udongo na mchanga, wakwe wakiwasikiliza kama watu waliokwenda mpirani. Mwishowe Maman Patient akainua mkono.

"Kwani lazima moja itoke?" akauliza. "Muweke udongo kidogo chini, mchanga ifunike. Mizizi ikule kwa Maman, maji ikae safi kwa Papa."

Maman akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo miye njo niko chini?" Maman akauliza.

"Chini njo kunalisha," akajibiwa, na Maman akaridhika kabisa.

Mzee Bahati alikuwa ameshavua koti. Hakuna aliyemwomba. Alikunja mikono ya shati, Papa akakunja yake, wakachota maji, wakatoa lile godoro la tope, wakabakiza kidogo tu, unene wa vidole viwili, baada ya kuligandamiza litoe hewa yote na kuliondolea mizizi iliyooza. Patient alitumwa uani kuleta mchanga uliochekechwa mpakani. Wakautandaza juu ya tope taratibu, kisha wakaweka sahani juu yake na kumimina maji juu ya sahani ili wasilitibue. Wazee wawili waliokuwa nusura wavunje uchumba walikuwa wamepiga magoti, matope mpaka viwiko, wanabishania jani lipi likae nyuma.

Walipomaliza kunawa, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombea harusi. Mahari ikapokelewa Kamembe, kanisani kukawa Bukavu, na Aline akavuka daraja mara nyingi kiasi kwamba shela lilichakaa kabla ya keki.

Akwariomu ile ilidumu miaka. Majani yalijaa hadi samaki wakawa wanaomba njia. Papa na Mzee Bahati walitumiana vipande vya majani vilivyofungwa kwenye karatasi yenye unyevu, na kila walipokutana walibishana tena kuhusu mchanga, kwa furaha. Wote wawili wametangulia sasa, mmoja kafuata mwenzake upesi kama vile wameahidiana.

Leo binti yangu Keza ana akwariomu yake, hapahapa Kamembe. Aliagiza udongo maalumu kutoka Kigali, punje nyeusi za duara zinazofanana na pilipili manga, mfuko umeandikwa mambo mengi. Alitazama video, akamimina, akapanda kwa kibano kirefu kama daktari, akamaliza kabla sijageuza viazi. Haikunuka. Maji hayakuwa chai. Ni nzuri kuliko yetu, nakiri, na nimeizunguka mara nyingi nikitafuta kosa.

Nilimuuliza ilikuwaje hata akachagua udongo ule na si mwingine.

"Application ilinipa, Maman."

"Na ulibishana na nani?"

Akatoa sikioni kile kidude cha muziki, akanitazama kwa huruma.

"Na nani tena, Maman? Nilikuwa peke yangu."