Dereva wa Zuena

Kwenye duka la pikipiki Korogwe mjini, kila mtu alimuuliza Zuena swali lile lile: "Dereva yuko wapi, mama?"

Hawakuwa na ubaya. Kwao, mwanamke wa makamo mwenye dera na mtandio hanunui pikipiki aipande mwenyewe. Humpa kijana aifanyie kazi, jioni amletee hesabu. Na kijana alikuwepo hapo hapo: Athuman, mdogo wake, bodaboda mzoefu, ameshakalia nyekundu moja na kuushika usukani kana kwamba ni yake.

Zuena aliendelea kuzikagua pikipiki. Alikuwa fundi cherehani wa Mazinde, na mama yao mwenye presha aliishi peke yake ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Mvua zikianza bodaboda huikwepa njia ile, na Athuman ukimpigia anasema "nakuja, dada", ukamngoja mpaka ukachoka. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa wa kufa angekuwa mama. Ndiyo maana Zuena alijifunza kuendesha, akapata leseni, na leo alikuja kuchukua chombo chake.

"Hii hapa, dada," alisema Athuman. "Ndefu, ina nguvu, tope haliiwezi."

Zuena akaipanda. Ni ncha za vidole tu zilizogusa chini. Alipojaribu kujiweka sawa ikalala upande, na kama si muuzaji, Filemoni, kuidaka, angekwenda nayo chini. Vijana wa dukani walitazama pembeni kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko kicheko.

"Si nilikwambia?" alisema Athuman. "Wewe shona, mimi niendeshe."

Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza Zuena. Tangu asubuhi anamchagulia ndefu baada ya ndefu. Kumbe anajitafutia yake. Hasira zikampanda.

"Filemoni," alisema, "dereva ni mimi. Nionyeshe ya kimo changu."

Filemoni akajikuna kichwa, kisha akaitoa moja iliyosukumwa nyuma kwenye matairi: fupi, haina klachi wala tangi la kutenganisha magoti. Vijana wa dukani waliiita ya katekista, maana walimu wa dini wa vijijini ndio waliozoea kuipanda. Zuena alipoikalia, nyayo zake zote mbili zililala sakafuni. Akaitikisa kulia, akaitikisa kushoto, ikatulia. Akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Alipokwisha kuilipia wakaondoka nayo, na kwenye barabara kuu aliendesha Athuman, maana Zuena si mjinga wa kuanzia uanafunzi katikati ya malori na mabasi. Walipoingia njia ya mashamba ya mkonge, Athuman akasimama, akazima. Zuena akajiandaa kwa ugomvi.

"Dada," alisema bila kumtazama, "unamkumbuka Awadhi, mwenzetu wa kijiweni? Alipopata ajali na pikipiki akafa, tulimwokota sisi wenyewe pale Mkumbara. Kiatu chake kimoja hatujakiona mpaka leo. Nikasema moyoni nikikuchagulia ndefu utaiogopa, uiache."

Zuena akashuka, akaja mbele. Siku nzima yeye ameona mwizi, na mwenzake alikuwa anaogopa msiba.

"Basi vaa helmeti, panda nyuma," alisema hatimaye. "Uone kama nitakuua."

Akatia gia, akaenda taratibu, akifuata pasipo na mashimo. Kwenye mteremko wa kwanza Athuman alimbana mabega mpaka yakauma. Kwenye wa pili akalegeza. Walipofika kwenye mchanga wa korongo Zuena alipunguza, akashusha miguu yote miwili chini, akavuka bila kuyumba. Alitaka kumsikia mdogo wake anasemaje. Kimya. Halafu akahisi uzito mgongoni, na helmeti ikamgonga begani.

Akasimama, akampiga kiwiko.

"Athuman. Unalala juu ya pikipiki?"

"Nisamehe, dada," alisema Athuman, akifikicha macho. "Tangu uniambie unanunua sijapata usingizi."