Kamyo Iliyokuja Bila Karito

Watu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, wakikuambia Radjabu alikuwa fundi wa injini, jua wamekupunja. Yule alikuwa fundi wa kila kitu chenye magurudumu. Mpelekee gari iliyokufa, ataitia giaboksi ya gari nyingine na redieta ya gari ya tatu, na jioni utaondoka nayo ukipiga honi. Miaka thelathini na sita hakumwambia mteja hata mmoja, "Hiki kipande si cha gari hii." Kwake kipande kisipokubali, kinapigwa tupa mpaka kikubali. Na si yeye tu, garaji zote za Buyenzi ndivyo zinavyokula.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu kiharusi kikamlaza. Alipoinuka, mkono wa kulia ulikuwa mzito, kufunga kifungo cha shati ikawa kazi ya robo saa. Hilo alilivumilia. Kilichomtia hofu ni kichwa. Siku moja alimwita binti yake Assia kwa jina la marehemu mkewe. Siku nyingine alitia chumvi kwenye chai, akanywa nusu kikombe ndipo akashtuka. Tangu hapo akawa anajichunga mwenyewe kama anavyochungwa mwizi sokoni.

Hospitali walimwambia avizoeze vidole kwa kazi ndogondogo. Assia akaingia kwenye simu, akatafuta, akamwonyesha picha: kamyo, yaani lori, ya pua ndefu, ya namna ile aliyoanzia kazi ujanani, ya plastiki, inakuja vipandevipande unaiunga mwenyewe kwa gundi.

"Mi mutu muzima nicheze na kamyo ya watoto?" akasema Radjabu. Lakini picha hakuiachia mpaka simu ikazima taa yenyewe.

Assia akaagiza. Na Radjabu, bila kumwambia binti yake, akaenda garajini kwa Seifu. Huyu Seifu, Radjabu ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajaota ndevu, sasa ana watoto wanne, na tangu mwezi wa kwanza ndiye aliyekuwa akiishika garaji peke yake.

"Sikiliza," akamwambia. "Ile kamyo nikiimaliza, narudi kazini. Nikishindwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita ukuje nyumbani uchukue funguo. Garaji inakuwa yako. Mutu asiyejua kichwa yake iko wapi hawezi kutengeneza breki za watu."

Seifu akatazama chini, akasema ndiyo Mzee.

Sasa hapa niseme jambo, maana linanichoma. Vitu tunavyoagiza kwenye simu haviji Bujumbura hivihivi. Vinapitia kwa watu kama Waridi, mwenye duka mtaa wa Asiatique, ambaye ana vijana wake Dubai wa kupokea mizigo. Wale kazi yao ya kwanza ni kutupa karito, yale maboksi ya kiwandani. Karito ni hewa, wanasema, na ndege haibebi hewa bure. Viatu utaletewa vimefungwa kamba kwa kamba, simu imeviringishwa kwenye soksi. Mji mzima umezoea, hakuna anayeuliza. Lakini jamani, kamyo ya vipande mia na ushee? Waliimwaga kwenye mfuko mweusi wa plastiki, wakaukaza kwa utepe wa skochi, wakaupachika katikati ya pasi na masufuria.

Radjabu alipoufungua mkekani, ulitoka unga wa kijivu kwanza. Kisha vipande, vingine vimekatika katikati. Karatasi ya maelezo ilikuwa nusu, imelowa, inaonyesha fremu ya chini na injini basi. Kila kipande kilikuwa na namba yake, lakini vipande vyenye namba kumi na nne vilikuwa viwili na havifanani. Vya ishirini na moja pia viwili. Thelathini haikuwepo kabisa.

"Wamekuibia, Baba," akasema Assia, na kesho yake alikuwa dukani kwa Waridi na mfuko mkononi.

Waridi hakubishana. Aliuweka mfuko juu ya mizani. "Tazama mwenyewe, dada. Hapa iko gramu mia tisa. Ku karatasi ya muzigo waliandika mia tisa. Uzito imetimia. Sasa wizi iko wapi?"

Assia akarudisha mfuko nyumbani, akamweleza baba yake habari ya mizani. Na hapo ndipo mzee alipoumia kweli. Kama hakuna kilichopungua, basi vipande vyote viko, na kama vyote viko na yeye havioni vinaingia wapi, tatizo ni nini kama si kichwa?

Fremu aliiunga kwa siku tatu. Injini siku mbili, na aliimba. Baada ya hapo akaingia gizani. Alitafuta kabini, akapata pua na kioo tu. Magurudumu makubwa yalikuwa manne, halafu kulikuwa na mawili madogo kama vifungo vya koti, ya kazi gani? Kulikuwa na kitu cha mapanga matatu. Akasema hii ni feni ya redieta, akaijaribu mbele ya injini, ikawa kubwa kuliko redieta yenyewe. Aliitazama mpaka macho yakatoka machozi. Akaivua, akaitia tena, akaivua.

"Baba, imefika wapi?" Assia angeuliza akitoka kazini.

"Inakuja," angejibu, na kuifunika kwa kanga.

Haikuwa inakuja. Usiku alikuwa akivihesabu vile vipande kitandani kwa kumbukumbu, akifika arobaini anapotea, anaanza upya. Swala ya alfajiri alisahau kama yuko rakaa ya kwanza au ya pili, jambo linalomtokea kila mwanadamu, lakini yeye akaliweka kwenye hesabu ya ugonjwa wake. Aliona aibu. Aliogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo akafanya alichojua. Akatoa tupa ndogo na kipande cha msasa. Milango haipo? Kulikuwa na mabapa mawili marefu yaliyovunjika. Akayakata kwa wembe, akayapunguza, akayatoboa dirisha, akatia sindano ya Assia iwe bawaba. Kidole kilikataa, akakishika kwa mkono wa pili. Wiki mbili alikuwa kwenye ile milango. Ilipokamilika bado ilikuwa kamyo isiyo na paa wala mgongo, yenye vipande thelathini vilivyobaki mkekani bila kazi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita ikafika. Akaziweka funguo za garaji mezani, akakaa kumngoja Seifu.

Aliyebisha hodi hakuwa Seifu. Alikuwa mtu wa makamo, shati na tai, amebeba mfuko mweusi. Akajitambulisha: Maxime, mfanyakazi wa serikali, anatoka mtaa wa Ngagara.

"Mzee, unisamehe kuja bila kukupigia. Mama Waridi ndiye alinielekeza. Mi niliagiza ndege. Ndege ya zamani, ya kuunga kwa gundi." Akaona haya kidogo, maana si rahisi mtu mwenye tai kusema hivyo. "Nimeunga mwezi muzima. Niko na ndege iko na mgongo wa kamyo."

Radjabu akamtazama kama haelewi, na kweli hakuelewa. "Unasema?"

Maxime akaumwaga mfuko wake mkekani. Paa la kabini. Ukuta wa nyuma. Magurudumu makubwa mawili. Milango, kushoto na kulia, namba thelathini na thelathini na moja.

"Mizigo yetu ilipasuka siku moja kule Dubai," akasema Maxime. "Vyote rangi moja, kijivu. Vijana wakavigawa na mizani. Mia tisa kwako, mia tisa kwangu, wakafunga. Mama Waridi amekubali mwenyewe, baada ya mi kukaa dukani kwake siku mbili."

"Ngoja," akasema Radjabu. "Ngoja kwanza. Havikuwa vya gari moja?"

"Apana, Mzee. Havikuwa hata vya gari."

"Kwa hiyo si kichwa yangu?"

"Kichwa gani tena, Mzee?"

Assia, aliyekuwa mlangoni na sinia ya chai, aliona baba yake amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yanatikisika. Hakujua analia ama anacheka, na nadhani mzee mwenyewe hakujua.

Maxime, kwa kukosa pa kutazama, akaichukua ile kamyo. Akafungua mlango wake. Akaufunga. Akaufungua tena, akausogeza karibu na macho.

"Hii milango umeinunua wapi?"

Hapo Radjabu akakumbuka. Yale mabapa! "Yarabi. Mwanangu, hayo yalikuwa yako. Nimeyakata."

Maxime akalinganisha na picha ya ndege kwenye simu yake. Kweli, yalikuwa mabawa. Mtu mwingine angefoka, na angekuwa na haki. Yeye aliugeuza ule mlango mdogo kama ukucha, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akauweka kando ya ule wa kiwandani wenye namba thelathini. Wa kiwandani ulikuwa umepinda.

"Mi nafanya hizi miaka kumi na mbili, na bawaba kama hii siwezi," akasema. "Mzee, hii ulifanya na mkono gani?"

"Huu," akasema Radjabu, akainua wa kulia.

Aliuinua kabla hajafikiri. Kisha akautazama ukiwa juu, hewani, hautetemeki sana, na chumba kizima kikautazama pamoja naye.

Hodi ya pili ilikuwa ya Seifu. Alikuwa amenyoa, amevaa shati iliyopigwa pasi, shati ya mtu anayekuja kupokea garaji. Akasalimia kila mmoja, akaona funguo mezani, akakaa karibu nazo.

"Seifu, mwanangu," akasema Radjabu, "unisamehe. Mi sijakufa bado, narudi kazini."

Seifu akamshika mkono ule wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema alhamdulillahi, akasema tena alhamdulillahi, na akabaki ameinamisha kichwa kwa muda mrefu kidogo kuliko shukrani inavyohitaji.