Leo nimemshika aliyezima wifi ya ploti nzima

Mnajua mimi ndiye nasimamia wifi ya ploti yetu hapa mtaa wa Pipeline. Asubuhi imekatika kwa kila mtu, na Achieng wa ghorofa ya chini ana intavyuu ya kazi mtandaoni. Majirani wakanijia juu.

Sikubabaika. Taa za mitambo ya wifi zilikuwa zinawaka kwa fujo, na hiyo naijua: kuna mtu amechomeka ncha zote mbili za waya kwa kisanduku kimoja cha wifi. Data inazunguka hapo hapo, inawazibia wengine njia.

Dawa ni kuchomoa ghorofa moja moja. Nikachomoa ya tano, wifi ikarudi kwingine kote.

Achieng akaingia intavyuu. Mimi nikaingia kiburi.

"Mharibifu ako ghorofa ya tano!"

Tukapanda, majirani nyuma yangu kama maandamano. Huko nikachomoa nyumba moja moja. Waya uliotuliza taa ulikuwa wa nyumba...

Yangu. 😭

Nikafungua mlango. Mamangu, aliyefika jana kutoka Kakamega, ameshika ufagio.

"Karibuni! Mbona wengi hivyo?"

"Mama, umeguza waya wowote hapa?"

"Ee. Ncha moja ilikuwa inaning'inia, nikairudisha kwa shimo la hicho kisanduku. Kwani nilikulea uache vitu vikining'inia?"

Majirani wakajibu kwa pamoja: "Hapana, mama!"

Sasa wako kwangu wanakunywa chai yangu, na wote wako upande wake.

Mitambo naiweza, hiyo msinifunze. Nishaurini hii nyingine tu: mama mzazi anafungiwa wifi aje?