Binti wa Juru Aliyesemekana Anamwona Bikira

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha afya cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mganga mkuu, Munyankore mfupi mwenye sauti kubwa, alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Wewe ndiyo diploma?"

"Ndiyo, ssebo," nikajibu, yaani bwana.

"Haya, diploma, mtoto ile inatingishika. Fanya kazi."

Mtoto alikuwa na degedege, mtukutiko unaoletwa na homa. Nilitoa kijiko alichotiwa mdomoni na jamaa zake, nikamlaza ubavu, nikamlegezea nguo. Mtukutiko ulipokawia kukoma, nilimtia dawa ya kuutuliza kwa njia ya haja kubwa. Akatulia.

"Diploma iko na mikono," mkubwa akasema.

Nilistahili sifa hiyo. Nilikulia kambini humo humo, nikauza maharage katika soko la Nyamityobora ili nisome, nikarudi na cheti. Hakuna aliyenishika mkono.

Kifafa cha kuanguka kila mtu anakijua: mwili hukakamaa, viungo hurukaruka, povu hutoka. Kingine humchukua mtoto kimya kimya, na hicho ndicho kilichonipa jina.

Mama Konsolata, Mrundi mkulima wa Juru, mtaa wa kambi yetu, alimleta binti yake Konsolata, mkono umeungua: uliangukia sufuria ya uji wakati wa rozari, mama akitazama.

"Mbona hukumvuta?" nikamuuliza.

"Muganga, hatumugusi. Alikuwa anamuona Bikira."

Kumbe katikati ya rozari binti hunyamaza ghafla, macho juu, midomo ikitembea bila sauti. Majirani walikuwa wakipiga magoti, wengine wakimletea wagonjwa wao. Mimi niliona hatari tu: kesho angeingia motoni, au kisimani, na hakuna ambaye angenyoosha mkono.

Sikubishana; mimi pia Mkatoliki. Nilimpa Konsolata kipande cha karatasi akipulize, apumue kwa nguvu bila kupumzika. Kupumua hivyo huweza kuamsha kile kifafa cha kimya, cha kuduwaa, mbele ya macho yako.

Mama akacheka. "Muganga anamufundisha kuwasha makaa!"

Kicheko hakijaisha, karatasi ikatulia. Macho yakapanda, midomo ikatembea. Nilimwita, kimya. Kisha akaendelea kupuliza kama aliyekatizwa na inzi.

"Mama, nani amesali hapa?"

Akamvuta binti yake kifuani. "Hakuna. Basi mutoto wangu ni mugonjwa."

Niliwapeleka hospitali ya Mbarara mwenyewe. Daktari wa watoto alipima, akathibitisha, akaandika dawa ya kila siku, akaonya isikatwe ghafla.

"Nani aligundua hii?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema, kabla mama hajafungua mdomo.

Sasa nimestaafu, naishi Kakoba, mjini Mbarara. Ninyi waganga vijana mna mashine nyingi, lakini mashine haijui kwamba mtoto amenyamaza. Mtazameni anayenyamaza kama mnavyomtazama anayeanguka.

Konsolata alipona, akasoma. Hata hivyo, wapo Juru wanaosema nilimfukuza Bikira. Mama yake hunijibia: "Kama aliondoka, alituachia mutoto."