Siku Tuliyokuja Wote

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu hapa Kawempe. Niliacha shule nikaanza kukaanga chapati kando ya barabara, na sikujuta, maana wao walisoma. Kisha kitinda mimba wetu akaanza kutokwa na damu puani, na miguu yake ikajaa alama nyeusi kama za mtu aliyepigwa. Hospitali wakasema ni saratani ya damu. Dawa aliyopewa ilikuwa ikiua ugonjwa, lakini iliua pia chembe sahani, zile zinazozuia damu isitoke ovyo. Bila hizo angeweza kufa kabla dawa haijamaliza kazi yake.

"Lete watu wa kutoa damu," muuguzi aliniambia. "Chembe za watu kadhaa ndizo zinazojaza mfuko mmoja."

Kwetu, jirani akipatwa na jambo, watu hawaendi mmoja mmoja. Nilimweleza imamu, naye akatangaza baada ya swala ya Ijumaa. Walikuja wote: mshona viatu, madereva wa boda, hajati anayeuza mkaa, wazee na kanzu zao. Foleni ilitoka nje ya mlango. Mimi nilikuwa wa kwanza.

"Dada, damu yangu ina pilipili," mshona viatu alisema akikunja shati. "Kijana akiamka anadai nyama choma, usinilaumu."

"Yako ina gundi," hajati akamjibu. "Ndiyo maana wameitaka, ikazibe matundu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Mfuko wa kwanza ulipokwisha kuingia mwilini mwake, pua ilikauka. Aliomba chai, akalalamika kwamba haina sukari. Nilidhani tumeshinda.

Wiki iliyofuata nilikuta shuka lake lina damu tena.

"Lete wengine," muuguzi akasema.

"Si mlichukua damu ya mtaa mzima?"

"Chembe hizi hazikai, dada yangu. Ni siku chache tu, kisha zimeharibika. Wa kwako alipewa zake, na wagonjwa wengine wakapewa. Mngekuja wachache wachache."

"Basi nitawaita walewale."

"Hao wasubiri. Wanaume miezi mitatu, wanawake minne."

Nilimnyoshea mkono wangu hata hivyo. Aliutazama, akanishushia mkono wa gauni polepole, kama mama anayemvisha mtoto.

Nilizima jiko la chapati nikaenda mtaa wa Kasubi, nikaenda Kamwokya, nikisimama mbele ya watu nisiowajua. Wengine walisema damu yao itauzwa. Wengine walinipa pole. Kijana mmoja alikubali, tukafika naye hospitali, wakampima wakakuta damu yake mwenyewe ni haba. Aliniomba msamaha kama aliyevunja kitu cha watu. Nilirudi wodini peke yangu.

"Wanakuja?" mdogo wangu aliniuliza. Kwenye fizi zake palikuwa na wekundu.

"Wanakuja," nilisema.

Walikuja, siku ya kumzika. Wote, kwa pamoja, kama siku ile. Mshona viatu alikunja shati akashika koleo. Hajati alinikalisha chini akanishika mkono. Niliwatazama wamejaa mpaka barabarani, wenye afya zao, na hakuna hata mmoja wetu ambaye muda wake wa kutoa damu tena ulikuwa umefika.