Jogoo wa Mtani

Mimi ndiye niliyempangishia Beatrisi chumba pale Ruangwa, nyuma ya ghala langu la ufuta. Kodi sikupunguza, naye hakuomba. Kwao ni Kiegei, upande wa Nachingwea. Wazazi wake walivuka Ruvuma wakitokea Msumbiji. Alisomea kompyuta Dar, na mwaka 2007 ushirika mmoja ukamleta awafundishe vijana kulinda mashine zilizohifadhi uzito wa korosho za kila mkulima. Mtu akiingia humo kwa neno la siri la mwenzake, anaweza kumkata mzee wa watu kilo zake akamwongezea shemeji. Mwisho wa mafunzo Beatrisi angechagua mmoja wa kubaki na kazi.

Alitaka awe Biasha. Binti mwepesi wa akili, na zaidi ya hapo koo zao zilikuwa za watani. Biasha peke yake ndiye aliyeingia chumba kile bila hodi, akafunua sufuria, akala nyama, akamwachia mwenyewe mchuzi.

"Wakimbizi nyie, nani aliwafundisha kula nyama?"

Kutoka ghalani nilimsikia Beatrisi akicheka. Mtu mwingine hakuwahi kumchekesha hivyo.

Darasani wote walijibu vizuri: neno la siri hapewi bosi, mume wala polisi. Mimi nimenunua mazao miaka mingi. Gunia halipimwi kwa kutazama. Nikamshauri awaulize sokoni, siyo ubaoni.

Akaanza na Biasha, maana kwa huyo hakuwa na wasiwasi. Alimkuta gulioni anachagua dagaa, akamnyang'anya kikapu, akatangaza kwamba ukoo wa wezi wa kuku leo haupiti bila kulipa, na malipo ni neno la siri. Kwetu mtani hanyimwi. Akimtaka kuku wako anamkamata. Msibani anaiba jembe la kuchimbia kaburi mpaka apewe chochote. Biasha akacheka, akamnong'oneza sikioni.

Beatrisi alibaki na kikapu mkononi.

"Umenipa," akasema.

"Nimempa mtani wangu. Ungekuwa mwizi ningekupa?"

"Mwizi atakuja kama mtani, Biasha."

Jioni nilimwambia Beatrisi kwamba aliyesikia ni yeye tu, anyamaze, biashara iishe. Akajibu kwamba kilo zile ni za watu.

Kazi akapewa Eustace, kijana asiyempa mtu hata chumvi. Anaifanya vizuri. Biasha akarudi shambani kwa mama yake, na chumba cha nyuma kikawa kimya. Hata sufuria nilikuwa siisikii.

Mwaka uliofuata mama yake Beatrisi akafariki. Nilimpeleka Kiegei kwa gari langu. Alipofika tu, kabla ya kukaa, akamfunga jogoo mlangoni, mahali ambapo mtani hawezi kumkosa.

Biasha alikuja. Watu wakasogea, wakingoja aige kilio cha wafiwa au akimbie na jembe. Akakaa mkekani na wageni wengine, akala alichopakuliwa. Halafu akamfuata Beatrisi, akampa mkono kwa adabu zote.

"Pole, mwalimu."

"Nimeshapoa."

Akajifunga kanga vizuri akaondoka na wanawake wa kwao. Beatrisi akamtazama mpaka njia ilipokata kona kwenye mikorosho.

Asubuhi nilipowasha gari, jogoo alikuwa bado amefungwa mlangoni.