Kibuyu Kilichobaki Uarabuni

Juzi, tukibadilisha ndege huko Uarabuni, askari wa ukaguzi alitoa kibuyu mkobani mwa mama mmoja wa Chebunyo. Akakipangusa ndani, kitambaa kikatoka cheusi.

“Mwambie hiyo ni makaa ya kupaka ndani ya kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kuganda, si uchafu,” mama akaniomba, maana Kiingereza hakujua. “Msichana yangu amezaa huko ng'ambo. Hii kibuyu ni ya mama yangu.”

Mimi, ninayewakaripia katika safu hii kila wiki wanaoonea aibu vya kwao, nikaona foleni yote imenikodolea macho. Nikamwambia askari, “Ni kibuyu kikuukuu tu.” Akakitupa pipani.

“Umemwambia ni ya mama yangu?”

“Nimemwambia.”

Akanishika mkono. “Asante, kijana yangu. Umejaribu.”